Kigae cha Mpangaji

Ukitaka kujua kama ukuta wa Nairobi ni wa mwenye nyumba au ni wa mpangaji, ugonge. Ukuta wa mwenye nyumba ni wa mawe ya Ndarugo, na ngumi yako ndiyo itakayoumia. Ukuta wa mpangaji unajibu kama ngoma, kwa sababu ndani yake mna fremu ya chuma chepesi, hewa, na mbao mbili za jipsamu zilizokazwa kwa skrubu. Uliinuliwa Jumamosi, ukapakwa rangi Jumapili, na Jumatatu biashara ikafunguliwa.

Adams Arcade ni mahali pazuri pa kufanyia jaribio hilo. Shuka steji, tembea dakika kumi upande wowote wa Ngong Road, na utapita saluni, vinyozi, kliniki za meno, mikahawa na ofisi ndogo ndogo zilizobanwa ndani ya vyumba ambavyo zamani vilikuwa duka moja kubwa au sebule ya mtu. Kilichovigawa vyumba hivyo ni jipsamu. Na mara nyingi, nyuma ya sinki la saluni au kwenye kijiko cha choo kilichochomekwa kwenye kona, juu ya hiyo jipsamu pamebandikwa vigae.

Mtu anaweza kuona hilo kama jambo la mafundi tu, la gundi na mwiko. Mimi naliona kama jambo la historia. Katika sehemu hii ya dunia, kubandika kitu kizuri ukutani kumekuwa daima ni tangazo la nani anatarajia kukaa. Kigae kwenye ukuta wa jipsamu kinatuambia habari mpya: kwamba siku hizi hata asiyetarajia kukaa analazimika kubandika.

Tuanze na neno lenyewe. Kigae, kabla ya kuwa kitu cha kuezekea au kupamba, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Ni kile kinachobaki sakafuni chungu kikianguka, na ambacho bibi wa Pwani hakukitupa, alikitumia kubebea makaa ya moto kutoka kwa jirani. Watanzania huita vigae vya sakafuni marumaru, hata kama havina uhusiano wowote na jiwe hilo. Sisi Nairobi tunasema taili na tunaendelea na maisha. Lakini neno la zamani linanipendeza kwa sababu linakumbuka kwamba kitu hiki ni udongo uliochomwa, na kwamba huvunjika.

Na kitu kama kigae kilikuwa ukutani Pwani kabla ya Nairobi kuwepo. Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukaone kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming. Nenda Kunduchi, nje ya Dar es Salaam, ukute nguzo za namna hiyo hiyo. Gedi lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na magofu ya mji mzima ulioizunguka. Mabakuli yale yalikuja kwa jahazi, kupitia mikono mingi ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na badala ya kulia chakula watu waliyachomeka kwenye chokaa mbichi ili yang'ae mbele ya wapita njia.

Gundi yao ilikuwa chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa kwenye tanuu, yakazimwa kwa maji, na chokaa ikaachwa ipoe na kulainika kabla ya kutumiwa. Chokaa haikauki kama saruji. Inakuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, miezi na hata miaka. Huwezi kuiharakisha. Aliyejenga kwa chokaa alikuwa anasema kwa vitendo kwamba yeye na watoto wake watakuwa hapo itakapomaliza kukomaa. Ndiyo maana nyumba za mawe na zidaka zake, zile safu za vishubaka vya plasta ambamo sahani za kauri zilipangwa, zilikuwa za waungwana. Waliobaki walijenga kwa fito, udongo na makuti. Ukuta ulitangaza daraja ya mtu kabla hajafungua mdomo.

Nairobi haikurithi subira hiyo. Reli ilifika hapa 1899 na mji ukaota kwa mabati na mbao. Mwaka 1902 tauni ilipozuka, maafisa wa kikoloni waliliteketeza kwa moto soko la Wahindi. Kuanzia hapo, usafi ukawa lugha ya kugawana mji. Mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, na ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe kwa sababu za kiafya. Ulimwenguni kote wakati huo kigae cheupe kilikuwa ndiyo sura ya usafi: hospitali, bucha, bafu, stesheni za treni za chini ya ardhi London. Ukuta unaooshika ulikuwa ukuta wa mtu aliyestaarabika. Aliyekosa ukuta huo alihesabiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye ugonjwa.

Sasa simama Adams Arcade na utazame kusini. Kibera iko pale, mwendo wa miguu. Askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Mfalme, King's African Rifles, walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 serikali ikatangaza ekari 4,197 kuwa eneo lao. Lakini hawakupewa hati. Kisheria walikuwa wapangaji wa Serikali, wanaoweza kuondolewa itakapoamua. Kwa miongo mingi, kujenga nyumba ya kudumu Kibera hakukuruhusiwa. Udongo, fito na mabati ndivyo vilivyokubalika, kwa sababu hivyo vinaweza kubomolewa asubuhi moja. Fikiria hilo kwa makini: familia inakaa mahali pamoja vizazi vitatu, vinne, na sheria inataka kuta zake ziendelee kuonekana kama zimekuja jana. Hati ya ardhi ya jamii ya Wanubi ilipotolewa hatimaye, mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Ng'ambo ya barabara mambo yalikuwa mengine. Adams Arcade ilijengwa miaka ya 1950 na Abdul Habib Adam, mfanyabiashara ambaye jina lake ndilo tunalomtajia kondakta kila siku bila kumfikiria. Mara nyingi inatajwa kuwa ndiyo mall ya kwanza ya Afrika Mashariki: maduka yaliyopangwa pamoja, nafasi ya kuegesha magari, na sinema ya Metropole. Haya yote yalijengwa kwa kukaa. Kuta za mawe, plasta ya saruji, na vigae vya bafuni vilivyobandikwa kwa tope la saruji na mchanga.

Njia hiyo ya kubandika ndiyo iliyowalea mafundi wetu. Kigae kililazwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kinywe mpaka kishibe. Ukuta nao ulirushiwa maji. Fundi akachota tope, akalipaka mgongoni mwa kigae kwa unene wa kidole, akakibana ukutani, akakigonga kwa mpini wa mwiko mpaka kikae sawa na pima maji. Maji yalikuwa rafiki, kwa sababu saruji inayonyang'anywa maji na kigae kikavu haishiki. Fundi wa zamani utamjua kwa ile ndoo. Ukimwona anaitafuta kabla hata ya kuuliza bei ya vigae, ujue alijifunza kwenye ukuta wa mawe.

Wakati Adams Arcade inainuka, Marekani mambo mawili yalikuwa yanabadilika, na ndiyo yaliyotufikia baadaye. La kwanza ni ukuta. Augustine Sackett alipata hataza ya ubao wake mwaka 1894: tabaka za karatasi na plasta zilizobanwa pamoja. Kampuni ya United States Gypsum ilimnunua 1909, ikaendelea kuuboresha. Watu hawakuupenda sana mwanzoni, waliuona kama plasta ya maskini. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, mafundi wa plasta wakawa adimu, na nyumba zikahitajika haraka. Baada ya vita, ubao wa jipsamu ndio uliokuwa ukuta wa kawaida wa nyumba za Marekani.

La pili ni gundi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wavumbuzi walitafuta njia ya kubandika kigae kikavu kwa tabaka jembamba badala ya tope nene. Henry Rothberg alichanganya saruji na utomvu wa mpira, na mwaka 1956 akaanzisha kampuni ya Laticrete. Mfuko wa gundi ya vigae unaouona leo kwenye hadwea yoyote ya Ngong Road ni mjukuu wa kazi hiyo: saruji, mchanga laini na unga wa kemikali unaoifanya ishike na isipoteze maji haraka. Milimita chache zinatosha pale ambapo zamani ulihitaji sentimita mbili.

Neno tulikuwa nalo tayari. Kamusi zina jasi, ambayo ndiyo jipsamu. Jiwe lenyewe tunalo pia. Linachimbwa Kajiado na kaskazini mashariki, na viwanda vya saruji vya Athi River hulitumia ili saruji isigande haraka mno. Lakini kama ubao, jipsamu iliingia Nairobi kwa kishindo miaka ya 2000, kwanza darini, kwenye zile dari za ngazi ngazi zenye taa zilizofichwa ambazo kila harusi ilipigiwa picha chini yake. Kisha ikashuka ukutani na kufukuza plaiwudi na chipubodi kwenye vibanda vya maduka. Vigae navyo vikashuka bei na kuzagaa, hasa baada ya kiwanda cha Twyford, chenye mtaji wa Wachina, kuanza kazi Kajiado mwaka 2016. Kauri ya Kichina iliyowahi kuwa fahari ya nguzo ya kaburi Mambrui sasa inachomwa hapa hapa, kwa udongo wetu, na inauzwa kwa mita ya mraba.

Hapo ndipo mpangaji anapoingia. Kodi ya Ngong Road haimruhusu kinyozi kuchukua duka zima, kwa hiyo duka linagawanywa mara nne. Anayegawanya hataki ukuta wa mawe, kwa sababu sakafu ya ghorofa haikupimiwa uzito huo na kwa sababu mwaka ujao huenda wakaja wapangaji sita badala ya wanne. Jipsamu inafaa. Lakini sheria za usafi hazijali kama ukuta ni wa muda. Pahali pa chakula panatakiwa ukuta laini, usiopitisha maji, unaooshika. Mteja wa saluni naye ana macho. Kigae cheupe bado kinasema kilichosemwa enzi za Simpson: hapa ni pasafi, hapa pana mtu wa maana. Basi mpangaji anabandika.

Na anabandikia nani? Sheria yetu ya wapangaji wa maduka na mikahawa, Sura ya 301, ipo tangu 1965 na inamlinda mpangaji asifukuzwe ovyo wala kupandishiwa kodi kiholela. Ulinzi huo unamhusu mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Ndiyo maana mikataba mingi ya biashara Nairobi huandikwa kwa miaka 5 na miezi 3. Ile miezi mitatu haikuwekwa kwa ukarimu. Imewekwa ili mpangaji atoke nje ya ulinzi wa sheria. Muda ukiisha, anaweza kubeba viti, vioo na hata sinki. Kigae hakibebeki. Ukikibandua kinavunjika, kinakuwa kigae kwa maana ya zamani. Kwa hiyo kinabaki, na tangazo la kupangisha linalofuata litasema chumba kina vigae tayari.

Lakini mara nyingi hakibaki hata hivyo, kwa sababu kinaanguka. Hapa lazima niingie kwenye mambo ya fundi, maana ndiyo yanayoamua nani alipe.

Jipsamu inaogopa maji na uzito. Ni ajabu kidogo, kwa sababu yenyewe imebeba maji ndani yake: kama asilimia 21 ya uzito wa jiwe la jipsamu ni maji yaliyofungwa kikemia. Moto ukija, maji hayo hutoka kama mvuke na kuuchelewesha, na hilo si jambo dogo jirani na soko la Toi, ambalo liliungua 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi na likaungua tena 2024. Lakini maji yanayotoka nje, ya bafu au ya ndoo ya fundi, hulowesha karatasi ya ubao, na karatasi hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Ikilainika, kigae kinashuka nayo.

Kuhusu uzito, kipimo kinachotumika Uingereza ni kwamba ubao wa jipsamu usiopakwa plasta ubebe kilo 32 kwa mita ya mraba, vigae na gundi pamoja. Ukipigwa plasta ya jipsamu juu, uwezo unashuka hadi kilo 20, kwa sababu sasa unategemea ushikaji wa plasta ile. Kigae cha porselini cha milimita 10 kina kama kilo 23 kwa mita ya mraba. Ongeza gundi kilo 4 au 5, bado uko salama. Lakini tope la saruji na mchanga la sentimita mbili lina kama kilo 40 peke yake, kabla hujaweka kigae hata kimoja. Yaani njia ya baba yake fundi, iliyosimama miaka 60 kwenye kuta za mawe za jirani, hapa inauvunja ukuta kwa mahesabu tu.

Kuna adui wa tatu asiyeonekana. Salfeti ya jipsamu ikikutana na saruji palipo na unyevu, hutengeneza fuwele zinazovimba pale pale zinapogusana, na gundi inajiachia yenyewe. Mwezi wa kwanza ukuta unapendeza. Miezi kadhaa baadaye unagonga na kusikia uwazi nyuma ya kigae. Ndiyo sababu ubao na plasta ya jipsamu hupakwa praima kwanza, ukuta ukiwa mkavu, ili vitu hivyo viwili visikutane.

Kazi nzuri basi inakwenda hivi. Nguzo za fremu ziwe kila milimita 400 badala ya 600, ili ubao usicheze. Sehemu za unyevu zifungwe ubao wa kijani unaostahimili unyevu, na ndani ya bafu lenyewe, palipo na maji ya kumwagika kila siku, ubao wa saruji na rangi ya kuzuia maji. Viungo vizibwe. Praima ikauke. Gundi ipakwe kwa mwiko wa meno, ichanwe mistari iliyonyooka, kigae kikavu kibanwe, na mara kwa mara kimoja kibanduliwe kuangalia kama mgongo wake umeshika kote. Anza juu ya ubao ulionyooshwa kwa pima maji, si juu ya sakafu, maana sakafu za Nairobi huwa na mawazo yao. Subiri siku nzima kabla ya grauti. Kwenye kona weka silikoni, kwa sababu kona za jipsamu husogea na grauti haijui kusogea.

Hakuna lililo gumu hapo. Kila hatua, hata hivyo, inaongeza siku au shilingi, na mpangaji anahesabu siku za kodi anayolipa bila mteja. Ubao wa kijani unabadilishwa kwa wa kawaida, rangi ni ile ile ukishapakwa. Praima inarukwa. Nguzo zinaachwa mbali. Maelezo yaliyoandikwa kwenye mfuko wa gundi mara nyingi ni ya Kiingereza na ya herufi ndogo, na fundi aliyejifunzia kwa macho, akimshikia mwingine ndoo, hakuyahitaji kwa miaka 20. Ukuta ukianguka, watu wote watamtazama yeye. Mwenye jengo atasema hakuruhusu. Mpangaji atasema alilipa. Aliyefunga jipsamu ameshahamia mjengo mwingine. Fundi wa vigae ndiye wa mwisho kuugusa ukuta, basi yeye ndiye mwenye kosa, na malipo yake ya mwisho ndiyo yanayozuiwa.

Nadhani tunamwonea. Hakupoteza ufundi, ukuta ndio uliobadilika chini ya mikono yake bila mtu kumweleza. Aliyeamua kwamba kuta za mji huu ziwe za kuondoka kesho hakuwa yeye. Uamuzi huo una historia ndefu, tangu kuta za udongo zilizolazimishwa Kibera hadi ile miezi mitatu kwenye mkataba. Tofauti ni kwamba zamani ukuta wa muda uliachwa uonekane wa muda. Leo unatakiwa ung'ae.

Kwa hiyo, ukipata chumba Ngong Road na ukaonyeshwa vigae vipya, gonga, kisha uliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: ubao ulio nyuma ni wa rangi gani, praima ilipakwa, na mkataba unasema vigae ni vya nani siku ya kuondoka. Swali la tatu liandikwe kwenye karatasi. Na kama ni wewe unayejenga, mlipe fundi ile siku ya ziada anayoiomba. Chokaa ya Mambrui ilisubiriwa miaka. Praima inataka kusubiriwa saa chache tu.